Uso wa Furaha na Mbuzi wa Koko

Siku ya kwanza niliyoingia kazini tulikuwa watu wanne ndani ya butiki. Nitawataja wote, maana watatu wamekwisha kulala kaburini na mimi njo nimebaki peke yangu. Kulikuwa Mama Sifa, mwenye butiki, dada wa marehemu mume wangu, baba mmoja mama mbalimbali. Kulikuwa Nabintu, jirani wa Mama Sifa ukuta kwa ukuta, ambaye ndiye aliyemsimamia mtoto wangu Riziki siku ya ubatizo. Kulikuwa Papa Kasindi, fundi wa suti, kaka wa Nabintu tumbo moja. Mashine yake ilikaa ng'ambo ya barabara, lakini kila asubuhi alivuka kuja kuomba makaa ya kutia ndani ya pasi yake. Na mimi, Mama Riziki, mjane, nimevaa kitenge cha kuazima.

Ninyi mnaobaki kwenye butiki pale Kasenga, Neema na Aline, mliniomba niandike vile tulivyokuwa tunajaribu vitu vya kujipamba na kuamua kama vinastahili bei yake. Naandika polepole, kwa sababu shule yangu iliishia kwenye kujua kusoma zaburi. Macho nayo yamechoka, na njo sababu ya kuacha kazi: ruji nyekundu, ile rangi ya midomo, na ruji ya kahawia sasa kwangu ni mapacha. Habari ya mshahara sitaandika, haina utamu. Habari ya kupandishwa cheo pia sitaandika, maana butiki ilikuwa na viti viwili tu, na kimoja kilikuwa cha Mama Sifa.

Siku ile Mama Sifa hakuniuliza najua nini. Alikamata mkono wangu wa kushoto, akaugeuza, akautazama upande wa ndani kama mtu anayetazama macho ya samaki kabla ya kununua.

"Umeshakapaka nini hapa?"

"Sabuni ya mawese tu, wifi."

"Hapana poda? Hapana mafuta ya ng'ambo?"

"Ningeyatoa wapi?"

"Njo muzuri," akasema. "Huu mukono haujadanganywa bado."

Akafungua bwate moja, boksi la mchuuzi, akachora mistari ya ruji kwenye mkono wangu, toka kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo cha mkono, kila mstari na rangi yake. Akaniambia nisiuoshe mpaka kesho. Nilirudi nyumbani nikapika ugali kwa mkono mmoja, ule mwingine nimeuinua. Riziki akaniuliza nimeumwa na nini. Nikamwambia: nimepata kazi.

Asubuhi mistari mingine ilikuwa imekwisha kwenda, mingine imevimba kidogo, na mmoja ulikuwa umekaa palepale, mwekundu, kama umezaliwa na mimi. Mama Sifa akaugusa kwa kitambaa cheupe. Hata kidogo haukuhama. "Huyu tutauza," akasema. Zile nyingine alizirudisha kwenye bwate, na bwate akairudisha kwa mchuuzi aliyeileta. Sheria yake ilikuwa hiyo: hatuuzi kitu ambacho hakijalala juu ya ngozi ya mtu.

Mengine nilijifunza polepole. Kunusa kwanza, kabla ya kugusa: kitu kilichokaa sana ndani ya jua kinanuka mshumaa. Kupaka nyuma ya sikio, kwa sababu ngozi ya pale ni ya kweli na haina kiburi. Kuwa na kitambaa cheupe, kilichokatwa kwenye shuka la zamani, cha kupangusa shingo, kwa sababu robe ya arusi, lile gauni jeupe, ni ya kukodi na kola ikichafuka ni vita. Na kuamua rangi mapema. Ninyi mnajua vile jua la Uvira linavyotufanya: linatoka kwenye ziwa kama mgeni mwenye heshima, halafu mchana haujaisha mlima unalichukua. Kivuli kinashuka juu ya paa zetu, huku ng'ambo kule Burundi bado ni mchana mweupe. Rangi iliyoamuliwa ndani ya kile kivuli ni ya uongo. Mama Sifa alikuwa anafunga vidude vyote mara tu mlima unapogusa jua, halafu tunakaa.

Ile saa njo naiota mpaka leo. Mlango wazi, vumbi la poda bado linaelea ndani, halijui likae wapi. Harufu ya waridi la uongo na ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, inayokaushwa, pamoja. Pikipiki zinapita, sauti zake zinakuja kama kutoka chini ya maji. Nabintu anasuka ukili, Papa Kasindi kule ng'ambo amelala juu ya mashine, shavu kwenye suti ya mtu. Ziwa lilikuwa linabadilisha rangi mara nyingi kuliko bwate yoyote tuliyofungua, na halikuwa na bei. Wakati mwingine nilikuwa sijui kama nimesinzia ama niko macho, na sidhani ilikuwa na tofauti.

Jaribio la jua lilikuwa langu. Nilijipaka uso mzima, nikatembea mpaka pwani, kwa wanawake wanaokausha samaki, nikanunua ndagala kidogo, nikarudi. Jasho, moshi, upepo wa ziwa, vumbi la barabara, vyote vinapita juu ya uso. Wale wanawake walinizoea. Walikuwa wakiniona tu kwa mbali wanaanza.

"Mama Riziki, leo uko unafanana na muntu aliiba unga!"

"Hapana, leo iko muzuri! Geuka tuone!"

"Iko muzuri mbele. Nyuma ya sikio iko maiti!"

Sikuwahi kulipa kitu kwa ushauri ule, nao haukuwahi kukosea. Nikirudi, Papa Kasindi alikuwa ananitazama kutoka ng'ambo ya barabara bila kuacha kushona. Yeye hakujua poda hata kidogo. Lakini bibi arusi anaonekana kwa mbali kabla hajaonekana kwa karibu, na Papa Kasindi alikuwa macho yetu ya mbali. Akisema "Naona muntu," tuliuza. Akisema "Naona poda," tuliacha.

Jaribio la machozi lilikuwa la Nabintu. Bibi arusi wa kwetu lazima alie akiaga kwao. Asipolia watu watasema alikuwa anangojea tu kuondoka. Kwa hiyo kitu cha arusi kisichoweza kulia hakina kazi. Nabintu aliweza kulia wakati wowote. Tunampaka, anakaa kwenye kile kiti cha pili, anatazama mlango, na machozi yanashuka, bila sauti, bila kukunja uso. Nilimuuliza siku moja anafanyaje.

"Ninaanza na ng'ombe ya baba, ile ilikufa," akasema. "Ng'ombe ikiisha, ninaenda kwa batu."

Sikumuuliza ni watu gani.

Sasa juu ya bei. Wateja wengi wanafikiri kitu cha bei kali ni cha kweli, na cha bei ndogo ni cha uongo. Wengine wanafikiri kinyume, kwa sababu hawana pesa. Wote wanakosea siku moja na kupatia siku nyingine. Mama Sifa alikuwa na ulizo moja tu, na mimi ninawaachia ninyi: nani atalipa, na akilipa atakosa nini? Kama mke wa mfanyabiashara atakosa jozi ya nne ya viatu, kitu kiwe kizuri nusu tu, si neno. Kama mtu atakosa chakula cha watoto, hata ruji iwe ya malaika, haistahili. Alikuwa anawaambia wateja hivyo mbele ya uso, na wengine walikasirika wakaenda kununua pengine.

Na vitu vya arusi vya bei kali hakulipisha kabla. Tulikuwa tunakwenda wenyewe kumpamba bibi arusi kwao. Akilia, akaaga, akaingia ndani ya gari na uso wake mzima, hapo njo tunalipwa. Uso ukiharibika njiani, tunafunga kikapu, tunarudi bila kitu. Watu walisema Mama Sifa ana wazimu. Lakini walikuja mpaka kutoka Nyakabere, kule mbali uwandani.

Kulikuwa na mafuta ya kung'arisha ngozi pia, siwezi kuruka. Mchuuzi mmoja alileta bwate nzima, chupa hazina jina la mtu wala la mji. Nikapaka kidogo tu. Nilipoamka, ngozi ilikuwa imechemka. Mnaiona bado ile alama chini ya kiwiko, nyeupe kama kucha. Mama Sifa alimrudishia mchuuzi bwate yake mikononi.

"Kapake mama yako kwanza," akamwambia. "Akikushukuru, urudi."

Hakurudi. Wateja waliyapata pengine, na baada ya muda walikuja kwetu kutafuta kitu cha kuficha kile kilichowapata. Tuliwapokea. Butiki si kanisa, hatukuuliza maulizo.

Sasa nakuja kwa Furaha wa Lubarika, kwa sababu kila mara mnapouliza jinsi ya kujua kitu kinastahili bei, ni yeye anayenijia, akiwa amesimama kwenye ule mlango.

Alikuja na tantine yake, Mama Mwamini, dada ya baba yake, wote wawili juu ya pikipiki moja, wamekuwa wekundu na vumbi la uwanda. Msichana alikuwa amejifunika kitenge kichwani, amekivuta mpaka kwenye shavu. Mama Mwamini akakifungua kama anafungua mzigo.

Alama ilianzia chini ya sikio la kulia, ikashuka shavuni mpaka shingoni. Ngozi ilikuwa imejikunja, inang'aa, kama ganda la juu la maziwa. Alipokuwa mtoto anayetambaa aliangukiwa na chungu cha maharagi yanayochemka. Aliyekuwa anapika ni koko yake, mama wa mama yake, ambaye njo aliyemlea, maana mama alikufa wakati wa kumzaa.

"Mwanaume anajua?" Mama Sifa akauliza.

"Amani anajua," Furaha akasema. "Yeye haina shida."

"Basi shida iko ya nani?"

Furaha akatazama chini. "Minye nataka kujiona siku moja tu bila hii alama."

"Na picha!" Mama Mwamini akaruka. "Mama, weye unajua batu ya siku hizi. Arusi haijaisha, picha imeshafika Bujumbura na Bukavu. Batasema tumemupatia Amani mutoto ya kuungua."

Tukajaribu. Vile vya bei ndogo vilifunika, lakini baada ya muda shavu liligeuka rangi ya jivu, upande mmoja wa uso ukawa wa mtu mwingine. Vya bei ya katikati vilipasuka pale ngozi ilipojikunja. Kilichobaki kilikuwa kichupa kimoja cha kioo kizito, cha fondite, ile rangi ya ngozi inayotangulia poda, kilichotoka mbali, kikapita Bujumbura. Nilikipasha moto kwenye kiganja, nikapiga-piga kwa ncha ya kidole, sikusugua. Alama ikazama. Nilimgeuza mlangoni kwenye mwanga. Papa Kasindi, kule ng'ambo, akaacha mashine.

"Naona muntu!" akapiga kelele.

Mama Mwamini akauliza bei. Mama Sifa akaitaja. Mama Mwamini akahesabu kwenye vidole, akaanza upya.

"Hii iko bei ya mbuzi," Mama Mwamini akasema.

"Basi leta mbuzi," akajibu Mama Sifa, na alikuwa anatania.

Lakini yule mama hakucheka. "Mbuzi iko. Ile ilikuja na mali ya arusi, ya koko."

"Tantine!" Furaha akashtuka. "Ile iko ya koko."

Kwao mwanamume anapoleta mali ya arusi, kuna mbuzi mmoja ambaye si wa baba wala wa wajomba. Ni wa yule aliyemlea msichana, kwa usiku wote aliokesha naye.

"Koko hana meno ya kula mbuzi," Mama Mwamini akasema. "Na miaka yote hii analia juu ya ile alama. Akiona imetoka, si njo atafurahi kupita batu yote?"

Mama Sifa alizungusha kile kichupa mkononi. Nilijua anajiuliza lile ulizo lake: nani atalipa, na atakosa nini. Mwisho akasema: "Tutakuja. Akifika ndani ya gari na uso muzima, mbuzi iko yetu. Rangi ikitoka mbele ya kufika kwa gari, hata kidogo, mbuzi iko ya koko, na hatutadai kitu."

Nililaza rangi ya kile kichupa kwenye mkono wangu, nikaipeleka pwani, nikaipaka kwenye shavu la Nabintu akalia mpaka kola ikalowa. Kitambaa kilibaki cheupe. Nikamwambia Mama Sifa kwamba kitu ni cha kweli. Akasema, "Najua. Njo kinanisumbua."

Tulikwenda Lubarika kwa gari la kukodi, Mama Sifa, Nabintu na mimi, kikapu kwenye mapaja yangu. Barabara ya uwanda asubuhi ile ilikuwa kama haigusi chini. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya mpunga, na watu waliokuwa ndani yake walionekana kuanzia kiunoni tu, wanainama, wanapotea, wanarudi. Upande wa kuume milima ya Burundi, upande wa kushoto milima yetu, na sisi katikati kama watu wanaopita ndani ya kiganja. Nabintu alisinzia na kuamka akauliza kama tumeshafika, akasinzia tena.

Nilimpamba Furaha ndani ya nyumba ya koko yake, karibu na dirisha dogo. Nje mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mpapai, jike la rangi ya majani makavu, analia kila tulipoanza kuongea. Nilifanya kazi polepole. Tabaka moja, nangoja likauke, tabaka lingine. Poda mwisho, kwa kupuliza. Kisha nikampa kioo.

Alijitazama mpaka nikafikiri amekasirika.

"Huyu njo minye?"

"Njo weye, mama."

"Sijamuonaka," akasema. Akagusa shavu, taratibu, kama shavu la mtoto aliyelala.

Gari la Amani likafika na wakwe wake, wamejaa, wanapiga honi. Akina mama wa kijiji wakaanza nyimbo za kuaga. Furaha akatoka mlangoni na robe yake nyeupe, watu wakainua simu, na wale waliomjua toka utotoni wakanyamaza katikati ya wimbo. Halafu akaanza kulia, kweli kweli. Machozi yalipita juu ya lile shavu kama maji juu ya jani la mgomba: yalishuka, yakaanguka, hayakuacha njia. Mama Sifa akanibana mkono. Nabintu akaninong'oneza, "Mbuzi imekuja."

Hapo njo koko akatoka ndani, na beseni ya maji.

Hakuna aliyetuambia. Kwao kilikuwa kitu kinachojulikana kiasi kwamba hakitajwi: aliyemlea msichana anamnawisha uso mlangoni, mara ya mwisho, halafu anamwachilia. Sisi tulikuwa tumejaribu jua, moshi, jasho na machozi. Hatukujaribu koko.

Mama Mwamini akamkimbilia. "Koko, leo hapana! Iko na makiyaji kwa uso!"

"Nilimunawisha akiwa mudogo vile," koko akasema, akionyesha kwa mkono karibu na goti. "Leo njo utanikataza weye?"

Alikuwa mfupi, amejikunja, na macho yake yalikuwa na wingu, kama yangu leo. Furaha akapiga magoti. Mimi nikaingiza kitambaa changu kwenye kola yake, haraka, kwa mazoea. Koko akachota maji kwa kiganja, akamwosha paji, akamwosha macho, akashuka kwenye shavu la kushoto, halafu la kuume. Kiganja kilipita. Kikasimama. Kikarudi juu, kikapita tena, polepole zaidi, kikatafuta chini ya sikio, kwenye shingo. Chini ya rangi mikunjo ilikuwapo, lakini matabaka yangu yalikuwa yameilaza, na vidole vya mzee havikuipata. Maji yalikuwa yanadondoka safi. Kile kichupa kilikuwa kinashinda.

"Iko wapi?" koko akauliza.

Wimbo ulikuwa umekufa. Hata wakwe walikuwa wameacha honi.

"Furaha. Iko wapi?"

Mkono wake ulikuwa umejifunza ile njia tangu kidonda kilipokuwa kibichi, anakiosha na maji ya chumvi asubuhi na jioni, mtoto analia, yeye analia. Sasa mkono umefika mahali pake na hapakuwa na mahali. Akashika ule uso kwa mikono miwili, akaugeuza kwenye jua, akausogeza karibu kabisa na macho yake. Akautazama.

Furaha akanigeukia bila kusimama. "Mama Riziki, inatokaka na nini?"

"Na mafuta," nikasema. "Maji haiwezi."

"Unipatie."

"Furaha!" Mama Mwamini alikuwa tayari ameshika kichwa. "Picha haijapigwa! Kanisa bado! Na robe ya batu!"

"Tantine, unipe ruhusa."

Nikampa kichupa cha mafuta kutoka kikapuni na nikashikilia kitambaa kwenye kola kwa mikono miwili. Alijipaka mwenyewe. Kazi yangu ya asubuhi nzima ikatoka kwenye vidole vyake, rangi ya udongo uliolowa, na alama ikarudi juu kidogo kidogo, inang'aa. Alishika mkono wa koko, akauweka pale. Na koko akachota maji akaendelea kumnawisha, kuzunguka alama, chini ya alama, vile mkono ulivyojua.

Koko alipomaliza, Mama Mwamini akafuta machozi, akatugeukia na kidole juu.

"Haikufika kwa gari! Mumeona wote! Mbuzi iko ya koko!"

"Chupa haikushindwa!" Mama Sifa akasema. "Machozi imeshindwa, maji imeshindwa. Imetolewa na mikono ya mwenyewe!"

"Ulisema ikitoka mbele ya gari!"

"Nilisema ikitoka. Sikusema ikitolewa!"

"Mama, uko mutu ya mabishano!"

"Hii iko arusi ao soko?" akauliza mjomba wa Amani kutoka kwenye dirisha la gari, na watu wakacheka, na mbuzi akalia, na mimi bado nimepiga magoti nyuma ya bibi arusi, nimeshikilia ile kola kwa sababu mafuta bado yalikuwa yanashuka.

Koko akauliza ni mabishano ya nini. Walijaribu kumficha. Akauliza tena, na Furaha akamwambia yote: kichupa, bei, mbuzi. Mzee akasikiliza, akitikisa kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza bei ya chumvi. Halafu akaondoka, hatua fupi fupi, akaenda kwenye mpapai, akatugeuzia mgongo, akainama juu ya fundo la kamba.

"Koko, acha," Mama Mwamini akasema. "Ile iko yako."

"Njo sababu ninaifungua."

"Mama," akasema Mama Sifa, na sikuwahi kumsikia na ile sauti, "hatutaki. Tulikuwa tunacheza tu. Acha kabisa."

Koko hakugeuka. Alikuwa anapambana na fundo, na alisema kwa kamba kama vile kamba njo ilimuuliza.

"Miaka yote nilikuwa ninajiuliza angekuwa je, kama singemuacha karibu ya kile chungu. Leo nilimuona. Nilimuona muzima, halafu nikamurudishia ile alama yangu." Fundo likafunguka. "Mulifanya kazi. Minye ninalipa. Hamutakataa mali ya muntu mbele ya bakwe."

Mama Sifa alikuwa ameficha mikono nyuma. Aliitoa. Mtu hawezi kumrudisha mzee hivyo mbele ya wakwe. Alipokea kamba kwa mikono miwili, akapiga goti.

Furaha aliingia ndani ya gari na uso ule aliolelewa nao, umelowa, na picha zote za arusi yake ziko hivyo. Sisi tulirudi Kasenga na mbuzi miguuni petu. Jua lilikuwa limeshachukuliwa na mlima, uwanda wote ukawa wa buluu, na ng'ambo kule Burundi bado kulikuwa kunang'aa. Yule mbuzi aliishi nyuma ya butiki akala maboksi ya poda mpaka akazeeka. Mama Sifa hakukubali achinjwe wala auzwe, na ukimuuliza sababu alikuambia uende ukafagie.

Kile kichupa kilistahili bei yake? Nimeulizwa na watu wengi. Mimi nilijaribu kitu, sikujaribu bei. Bei aliijaribu koko.

Lakini kuna jambo moja sina, na njo sababu nimeandika na majina yote. Ndani ya gari, Nabintu alisema koko alipokuwa anafungua kamba alikuwa anacheka peke yake, meno yake mawili yanaonekana. Mama Sifa akasema hapana, alikuwa analia, aliona machozi yanaanguka kwenye kamba. Walibishana juu ya hilo mpaka wakafa, Mama Sifa wa kwanza, Nabintu nyuma yake, na kila mmoja aliapa. Mimi nilikuwa nimeshikilia kola. Niliona mgongo tu, na kitenge chake cha njano kilichofifia. Maisha yangu yote nimetazama nyuso, na ule sikuuona. Kama wewe unayesoma ulikuwa kwenye ule uwanja wa Lubarika, upande wa mpapai, na macho yako yalikuwa mazuri, na kama nimekosea jina ama rangi ya mbuzi ama nani alisema nini kwanza, njoo kwangu Kasenga unisahihishe. Anzia na uso wa koko.